Lukaya, tarehe kumi au kumi na moja

Alhamisi, 7 Machi. Kaboya, kisha Bukoba

Leo nimeliona jina langu kwenye orodha ya marehemu.

Nilijua ningelikuta, na ndicho kilichonileta, lakini kujua ni kitu kimoja na kusimama mbele ya mnara mweupe ukilisoma ni kingine. Nilipewa jina la Ba'mdogo, mdogo wake baba, kwa hiyo jina la kwanza ni moja na la ukoo ni moja. Katikati tu ndipo tunapoachana. Askari wa zamu aliyenisindikiza kutoka langoni alitazama kitambulisho changu, akatazama mnara, akatikisa kichwa. "Wanakuja wengi wa namna yako," akasema, akasogea kando ili nibaki mwenyewe.

Makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera yako hapa Kaboya, Wilaya ya Muleba. Basi la kutoka Mwanza hunishusha barabarani kila nikija. Leo ni mara ya tatu, ila safari hizi zote nimekuwa nikiishia hapa. Safari hii naendelea mpaka alipoangukia. Ba'mdogo hakufia Kagera. Alifia Lukaya, Uganda, Machi 1979, akiwa na miaka 21. Karatasi ya jeshi inasema "Machi 1979" basi. Siku haikuandikwa, na siku ndiyo ninayoitafuta.

Niieleze kidogo habari yake kabla taa ya nyumba ya wageni haijakatika. Alikuwa kibarua Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza. Picha yake pekee tuliyonayo ni ya studio: suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, kola kama masikio ya tembo, na saa ya Oris aliyoinyanyua makusudi ionekane. Amin alipoiteka ardhi yetu mwisho wa Oktoba 1978 na kutangaza kwamba mpaka sasa ni Mto Kagera, Ba'mdogo alikuwa amepitia mgambo kama vijana wengi wa viwandani. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema redioni yale maneno ambayo mpaka leo wazee wakiyasema husimama wima: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba anasema mdogo wake hakusubiri hotuba iishe. Bibi alikuwa akisema si kweli, aliisikiliza yote na akala ugali wake wote, ndipo akaondoka. Jeshi lilikuwa na watu kama 40,000. Ndani ya miezi michache likafika zaidi ya 150,000, na mgambo walikuwa sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Mmoja ni huyu wa bugaluu.

Vita vilipokwisha alikuja mwenzake mmoja wa kikosi kile kile. Alikuja mara moja tu. Alikula, alilia, akamkabidhi Bibi ile saa, akasema, "Alikwenda mbele, mama." Hakuongeza neno. Bibi akaamua kwamba mwanawe alikufa tarehe 11, siku ya ushindi, na kila mwaka hitima ikasomwa tarehe 11. Baba yeye husoma Yasini yake peke yake usiku wa tarehe 10, uani, bila kumwita mtu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu kwetu Waislamu siku huanza magharibi, hivyo usiku wa kumi ni wa kumi na moja tayari. Maelezo mazuri, nikakua nayo.

Ijumaa, 8 Machi. Kyaka, Mutukula, Masaka

Kyaka nimeshuka dakika kumi nzima, dereva akilalamika. Daraja alilolilipua Amin tarehe 3 Novemba 1978 limerithiwa na jingine imara, na mto unapita chini yake mwekundu kama chai ya rangi iliyokaa. Magofu ya kanisa lililopigwa kwa mabomu bado yapo. Baadaye wahandisi wetu walitandika daraja la muda hapa na jeshi likavuka. Abiria mwenzangu, mama mwenye tenga la nanasi, alinionyesha kwa kidevu upande wa pili: "Huku kwote walikimbia watu. Mimi nilibebwa mgongoni."

Mutukula ni mpaka wa foleni za malori. Kadi ya homa ya manjano, muhuri, picha ya uso, haya pita. Upande wa pili wabadili fedha wakanivamia kama nzi wa embe, na dakika moja baadaye nikawa tajiri wa noti za Uganda zenye sifuri nyingi na thamani ile ile ya asubuhi.

Kuna jambo ambalo nyumbani halisimuliwi kwenye hitima. Wanajeshi wetu walipoiteka Mutukula Januari ile, waliubomoa mji wote, na raia wakauawa, kwa hasira ya yale yaliyofanywa Kagera. Mwalimu alisikitika sana, akaamuru kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Jenerali David Msuguri, aliyekuja kuiongoza Divisheni ya 20, akabaki na jina la utani "Jenerali Mutukula". Nilikaa kwenye benchi la muuza chapati nikijiuliza Ba'mdogo alikuwa wapi siku ile. Sijui, na sikumuuliza mtu.

Kutoka hapa hadi Masaka ni kama kilomita 90. Takisi (huku takisi ni hiace, ukitaka gari dogo utafute jina jingine) ilinifikisha kwa saa mbili na ushei, tukipita Kyotera na Kalisizo, migomba kulia, migomba kushoto. Leo Uganda ni sikukuu ya wanawake, kila kituo kuna kina mama waliovaa gomesi za kumetameta. Wao, wakina Ba'mdogo, walihitaji mwezi mzima: Mutukula ilichukuliwa Januari 21 na 22, wakapigana kwenye vilima vya Simba mwezi wa pili, Masaka ikaanguka Februari 24. Tena kwa miguu. Baba husema mdogo wake alikuwa akilalamika hata kutumwa sokoni.

Nimefikia Nyendo, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akifahamiana na shangazi yangu kwa biashara ya vitenge. Marehemu mume wake aliendesha malori ya Mombasa, ndipo alipopata Kiswahili. Namwita Jjajja kama wajukuu zake wanavyomwita. Alinipikia matooke na karanga, akanisubiri nishibe.

"Wewe ndiyo mtoto ya wale bakombozi?"

Bakombozi ndilo jina walilowapa askari wetu. Wakombozi. Nikasema ndiyo, Jjajja, ni baba yangu mdogo.

"Walitukomboa, Allah awalipe. Amin alimaliza watu hapa." Akachukua muda kukusanya maganda ya ndizi. "Lakini mimi nitakwambia, mwanangu. Nyumba ya baba yangu ilisimama siku ya vita. Haikuguswa hata dirisha. Vita ikaisha, ndiyo wakaja na baruti, wakaiangusha."

Ni kweli tupu. Masaka ilipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo mengi yakalipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera, licha ya amri. Magofu yalikaa miaka na miaka. Nilitaka kusema pole, nikaona neno dogo. Nikasema pole hivyo hivyo. Akanijibu, "Wewe hukuwa umezaliwa. Kula."

Jumamosi, 9 Machi. Masaka

Mvua tangu alfajiri. Nimezunguka mjini na mwavuli wa kuazima, nimekula rolex mbili (chapati iliyoviringishwa na mayai, isije ikadhaniwa nimenunua saa), nimenyamaza sana.

Kijana wa boda alinicheka kwa kumsemesha Kiswahili: "Hiyo lugha ya majeshi na wezi." Hakukusudia ubaya. Wanajeshi wa Amin walipopora walipora kwa Kiswahili, na masikio ya watu hayasahau. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Bei alinitajia kwa Kiswahili safi.

Jioni nimeitoa saa ya Oris begini. Baba alinipa bila kueleza, akasema tu, "Nenda nayo." Kwa ndani ya kioo, karibu na namba nne, kuna doa la hudhurungi lenye ukingo, kama bahari kwenye ramani. Nimeliona tangu utotoni. Bibi alikuwa akisema ni jasho.

Jumapili, 10 Machi. Lukaya

Lukaya ni nusu saa tu kutoka Masaka, kuelekea Kampala. Mji wenyewe umejipanga kando ya barabara na unaishi kwa kulisha wasafiri. Gari likipunguza mwendo tu, madirisha yanajaa mishikaki, mapaja ya kuku, gonja (ndizi) iliyochomwa. Nilishuka nikanunua gonja ili niwe na sababu ya kusimama. Nikauliza, kwa wapi nitapata mzee aliyekuwepo wakati wa vita? Vijana wa meko wakazungumza Kiganda kwa muda, kisha mmoja akanipeleka nyuma ya maduka kwa mzee anayetengeneza baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

Aliinua kichwa. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Shikamoo! Miaka mingapi sijasikia hiyo! Wale ndiyo walikuwa nasema shikamoo kwa mama yangu. Mama alifikiri ni tusi." Kisha akakumbuka jibu lake, akaliokota kama senti iliyopotea: "Marahaba."

Vita ilimkuta na miaka 12. Kiswahili alikipata kwa askari wetu waliobaki Uganda baada ya vita, aliokuwa akiwachotea maji. Nilimwonyesha picha. Hakujifanya kumkumbuka, na nilimpenda kwa hilo. Aliitazama suruali tu. "Huyu kijana ya mjini."

Nikamweleza ninachokijua vitabuni, ili naye anieleze asichokiandika mtu. Ninachokijua ni hiki. Kaskazini ya Lukaya kuna bwawa kubwa la mafunjo, Lwera, na barabara ya Kampala inapita juu ya tuta. Brigedi ya 201, wengi wao mgambo wasiowahi kuonja vita, ilitumwa ishike mji na njia ile. Jioni ya tarehe 10 Machi likatokea jeshi la Amin likiwa na Walibya waliotumwa na Gaddafi, vifaru, na makombora, likienda kuirudisha Masaka. Makombora yalipita juu ya vichwa vyao bila kuwapata sana. Lakini mlio ule! Brigedi ikavunjika. Usiku huo huo Brigedi ya 208 ikaamriwa izunguke, na alfajiri ya tarehe 11 wakashambulia, 208 ubavuni na 201 iliyokusanywa upya kwa mbele. Maadui waliokufa walihesabiwa zaidi ya 400, karibu nusu yao Walibya. Wetu waliokufa walikuwa wachache mno.

Wachache mno. Neno zuri kwa majenerali.

Mzee aliniacha nimalize. Alifuta mikono kwa kitambaa cheusi zaidi ya mikono yenyewe.

"Sisi tulikuwa najificha kwa shamba ya ndizi, huko juu. Ile kitu ikalia, wuuu, kama mtu anapasua mbingu. Wale vijana wakakimbia. Wengine kwa barabara ya Masaka, wengine ndani ya maji, kwa yale majani marefu. Giza ikaingia. Mama akatufunga midomo na kanga."

"Waliingia majini?"

"Mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Usiku mzima tulisikia wanaitana. Polepole tu. Majina ya watu."

Nilitoa saa nikampa. Sikumwambia kitu. Aliigeuza kwenye mwanga, akaitazama kama fundi anavyotazama, akaweka ukucha juu ya lile doa. "Hii ilikunywa maji," akasema, akanirudishia.

Niseme kweli, nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Miaka yote ile ya hitima, pilau, shehe akisema shujaa wetu alisonga mbele, na mimi nikibeba jina hilo shuleni kila Siku ya Mashujaa, nikiitwa mbele ya mistari. Kumbe kijana wa miaka 21 kutoka Mabatini alisikia kombora kwa mara ya kwanza akakimbilia kwenye mafunjo. Kisha nikajiuliza mimi ningekimbilia wapi. Juzi tairi la takisi lilipasuka Kalisizo nikajikuta nimelala chini ya kiti.

"Asubuhi?" nikauliza, maana mzee alikuwa ameshika tena bisibisi.

"Asubuhi wakatoka. Wamelowa, midomo inatetemeka, wengine hawana viatu. Afisa mmoja mwembamba anawapanga hapa, hapa kwa barabara. Hakupiga kelele. Anawapa mikono, moja moja. Mama yangu akachemsha chai ya ndoo nzima, hakuna sukari. Wakanywa haraka, wakasema asante mama. Wakarudi kule kule."

"Wakarudi wote?"

Alifikiri. "Wengi," akasema.

Nimepata chumba juu ya duka la simenti. Malori hayalali Lukaya. Usiku huu, uani Mwanza, Baba anasoma Yasini yake, na nimekaa na simu mkononi bila kupiga.

Jumatatu, 11 Machi. Lwera

Saa kumi na mbili alfajiri nilipanda boda mpaka katikati ya tuta la Lwera. Mafunjo pande zote mbili mpaka macho yanapochoka, ukungu umekaa juu yake, na korongo mmoja anachagua pa kukanyaga. Wachimba mchanga wamekwisha kuamka. Sehemu ya bwawa sasa ni mashimo ya maji na mashamba ya mpunga. Mbele zaidi ni Katonga, ambako Mei 2023 maji yalikata barabara na nchi nzima ikazunguka kwingine. Maji ya huku hayana adabu, alisema kijana wa boda, yakitaka kupita yanapita.

Hakuna kibao hapa nilipo. Hakuna kitu. Magari yanapita kwa kasi, upepo wake unakusukuma.

Nilivua viatu nikashuka ukingoni, hatua nne tano. Maji ni ya baridi. Tope linashika kifundo kama mtu mwenye neno la kukwambia. Niliposimama pale niliweza kuuona mji, bati la kwanza likipata jua, karibu mno. Angeuona hata yeye.

Ndipo nikapiga. Baba alipokea kabla haijalia mara ya pili.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa, makombora, giza, mafunjo, kuitana majina. Nilipofika kwenye maji nilipunguza sauti, nikaanza kulizungusha.

"Usinifiche," akasema. "Ile saa niliipeleka kwa fundi Makoroboi mwaka 1980, Bibi yako alitaka itembee. Fundi akaifungua, akaimwagia mezani. Tope, mwanangu. Tope jeusi na vijinyasi. Nikamwambia aifunge, nikamlipa, nikarudi nikamwambia mama ni mashine imekufa."

Nilibaki na simu sikioni, maji yakinipita miguuni.

"Nikajua alizama," akaendelea. "Alikimbia usiku ule, akazama. Yule mwenzake alisema mbele, mbele, ili mama alale. Ndiyo maana mimi nasoma tarehe kumi. Sikutaka kumvunjia mama tarehe yake."

"Baba, walirudi."

"Nani?"

"Asubuhi. Walitoka majini wakapangwa barabarani, wakapewa chai, wakarudi. Mzee aliwaona kwa macho yake. Na yule mwenzake saa aliipataje, kama yeye alizama?"

Kimya. Nyuma yake nilisikia jogoo wa jirani, na redio ya mtu ikisoma habari. Lori la Kampala likapita, nikaziba sikio la pili.

"Wote walirudi?"

Nilikuwa na neno moja la kumpa na halikuwa langu. "Wengi," nikasema.

"Wengi," akalirudia, taratibu, kama anayehesabu noti. Kisha akauliza chai ile ilikuwa na sukari. Nikamwambia haikuwa nayo. Akasema mdogo wake hakuwa akinywa chai isiyo na sukari hata kwa fimbo. Siku hiyo bila shaka aliinywa.

Nilikuwa nimepanga kuendelea mpaka Kampala, nione mji walioutwaa Aprili 11, mwezi mmoja kamili baada ya siku hii. Tiketi ya kurudi nilikata ya kutokea huko. Lakini Ba'mdogo hakufika Kampala. Nimemwambia kijana wa boda ageuze, tuanzie kwa fundi baiskeli, nina kilo mbili za sukari za kumpelekea kwa niaba ya mama yake, ambaye nimesikia amezikwa nyuma ya shamba lile lile la migomba.

Baba amepiga tena nikiwa njiani. Hakusalimia.

"Hitima leo saa ngapi? Waambie shangazi zako waniwekee mkeka. Nasoma nao."